Siku Tuliyomuaga Profesa Uhuru Park

Jumamosi ya tarehe 8 Oktoba 2011 nilipanda matatu ya alfajiri kutoka Limuru kwenda Nairobi, kwa kuwa siku hiyo Profesa Wangari Maathai, mwanzilishi wa vuguvugu la kupanda miti la Green Belt, alikuwa akiagwa kwa mazishi ya kitaifa katika bustani ya Uhuru Park, bustani ileile aliyoipigania mwaka 1989 serikali ilipotaka kujenga ndani yake jengo la ghorofa 60. Jeneza lake lilikuwa la mianzi, mafunjo na magugu-maji, kwa sababu hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake.

Wasemaji walipanda jukwaani mmoja baada ya mwingine, na karibu wote walizungumzia miti. Walistahili kufanya hivyo. Hata hivyo, mimi ni daktari wa mifugo, na moyoni nilikuwa nikimlilia mwalimu wa anatomia, elimu ya muundo wa mwili.

Aliporejea kutoka Marekani mwaka 1966, kazi aliyoahidiwa katika chuo kikuu cha Nairobi alikuta imepewa mtu mwingine, na aliamini kwamba jinsia yake na kabila lake ndivyo vilivyomponza. Akapata nafasi katika anatomia ya wanyama, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya uzamivu. Mwaka 1976 aliongoza idara hiyo, iliyojaa wanaume, huku akidai wahadhiri wanawake wapewe marupurupu sawa na wenzao. Nilipofika kusoma Chiromo, kampasi ya chuo hicho, alikuwa ameondoka zamani, lakini meza za kupasulia wanyama zilikuwa palepale, na kila nilipoinama juu ya mzoga wa mbuzi nilijua kwamba mwanamke alikwisha kusimama hapo akiwa mkuu wa wote.

Ujuzi huo ndio ulionilinda mwanzoni mwa kazi yangu. Mzee mmoja wa Kinangop aliwahi kuniona nikishuka kwenye pikipiki akaniuliza daktari yuko wapi, kisha akasema ng'ombe wake hawezi kuzalishwa na msichana. Ndama alikuwa amegeuza kichwa ubavuni, na vijana walikuwa wamevuta miguu hadi wakachoka. Katika hali hiyo nguvu hazisaidii, zinaua. Inabidi ndama arudishwe ndani kidogo, mkono utafute taya gizani, kichwa kigeuzwe taratibu kielekee njiani, ndipo avutwe. Anayejua anatomia huona kwa vidole. Ndama alitoka hai, na mzee akanishikia beseni la maji ninawe mikono.

Hayo yote nilimsimulia mama mmoja mzee kutoka Nyeri tuliyeketi naye nyasini, ambaye alikuwa mwanachama wa kikundi cha vitalu vya miche. Alikuwa ameniuliza, "Wewe unafanya kazi gani, mwanangu?" Nilipomjibu, alinitazama kwa muda, akanishika mkono na kuugeuzageuza.

"Kumbe Wangari alikuwa daktari wa ng'ombe pia?"

"Alikuwa akiwafundisha madaktari wa ng'ombe, mama. Wanaume wengi wanaotibu mifugo ya nchi hii walipita mikononi mwake."

Alicheka kwa furaha, akawaambia wenzake kwa Kikuyu, nao wakageuka kunitazama. Wakati msafara ukijiandaa kuelekea Kariokor, ambako mwili wake ulikuwa uchomwe, mama yule alinisogelea sikioni akaniambia kwamba ng'ombe wake mmoja alikuwa akitoa maziwa yenye mabonge na robo moja ya kiwele ilikuwa imevimba. Nilimweleza kwamba ng'ombe huyo akamuliwe wa mwisho, maziwa yake yasichanganywe na ya wengine, na daktari aitwe siku hiyohiyo. Akatoa simu yake ndogo kutoka kwenye leso, akanipa niandike namba yangu.

"Andika 'Daktari'," akaniagiza. "Wanangu wakiiona, wajue nilimpata wapi."