Robert Smalls na Katiba Mbili za South Carolina

Simulizi nyingi za historia ya Marekani tunazozisoma kwa Kiswahili humtaja Abraham Lincoln, kisha zikaruka hadi kwa Martin Luther King, na ile karne iliyo katikati ikaachwa kana kwamba haikuwa na watu. Naiona hasara hiyo kuwa kubwa, kwa sababu ndani ya karne hiyo aliishi Robert Smalls, mtu ambaye ningependa kila mwanafunzi wa historia amjue kabla hajahitimisha chochote kuhusu namna Waamerika Weusi walivyopata uhuru na namna walivyopokonywa.

Smalls alizaliwa mtumwa tarehe 5 Aprili 1839 katika mji mdogo wa Beaufort, South Carolina, nyuma ya nyumba ya bwana wake, Henry McKee. Alipofikisha umri wa miaka 12 alipelekwa Charleston kukodishwa kazi: akawahudumia wageni hotelini, akawasha taa za barabarani, kisha akaingia bandarini, ambako alishona matanga na kufunga kamba za milingoti hadi akapewa kushika usukani. Ujira ulikwenda kwa McKee, naye akaachiwa dola moja kwa wiki. Alipomwoa Hannah Jones, mtumwa mwenzake, na wakajaliwa binti, alimwendea bwana wa Hannah kutaka kuwanunua mkewe na mtoto. Alitajiwa dola 800, na akiba yake ilikuwa dola 100.

Sheria ya South Carolina ya mwaka 1834 ilikataza kumfundisha mtumwa kusoma, na Smalls hakujua herufi hata moja. Elimu yake ilikuwa bahari. Alivijua vilindi na mafungu ya mchanga ya Charleston, alijua maji yanavyojaa na kupwa, na alijua ishara ambayo kila ngome iliitarajia kutoka kwa meli inayopita. Kazi aliyoifanya ilikuwa ya rubani wa meli, ingawa Wazungu hawakukubali kumpa mtu Mweusi cheo hicho. Vita vya wenyewe kwa wenyewe, kati ya majimbo ya Kusini yaliyojitenga ili kulinda utumwa na serikali kuu iliyoungwa mkono na Kaskazini, vilipoanza mwezi Aprili 1861, kwa mizinga iliyopigwa kwenye ngome ya Fort Sumter katika mlango wa bandari hiyohiyo, jeshi la Kusini lilimweka kwenye Planter, meli ya mvuke iliyobeba askari na silaha. Walimtumia hata katika kazi ya kutega mabomu majini, wala hawakufikiri kwamba mtu wanayemwagiza ayatege atakumbuka yalipo.

Jioni ya tarehe 12 Mei 1862, Planter ilirudi Charleston ikiwa imepakia mizinga minne iliyoondolewa katika kituo cha Coles Island. Nahodha na maofisa wenzake wawili, wote Wazungu, walishuka kwenda kulala mjini, jambo lililokuwa kinyume cha amri. Kabla ya alfajiri Smalls na mabaharia wenzake, watumwa kama yeye, walichochea moto wa boila, wakapandisha bendera ya Kusini na ya jimbo, wakang'oa nanga bila haraka, kama meli inayokwenda kwenye shughuli zake za kila siku. Walipitia gati jingine na kuwachukua wake na watoto waliokuwa wamejificha hapo, Hannah na wanawe wakiwamo. Walikuwa wamekwisha kubaliana kwamba wakizuiwa wataiangamiza meli pamoja nao, maana hapakuwa na adhabu nyingine ya kutarajia isipokuwa kifo.

Njia ya kutokea baharini ilipita mbele ya ngome tano. Ya mwisho na ya hatari kuliko zote ilikuwa Fort Sumter, waliyoifikia yapata saa kumi na nusu alfajiri. Smalls, akiwa amevaa kofia ya majani ya nahodha, alisimama kwenye chumba cha usukani kwa mkao wa nahodha mwenyewe, mikono imekunjwa kifuani na uso umeelekezwa kando, kisha akavuta filimbi ya mvuke: mara mbili kwa kirefu, mara moja kwa kifupi. Mlinzi alijibu kwamba wapite. Walipokuwa nje ya masafa ya mizinga ndipo mwelekeo ulipogeuzwa kuziendea manowari za Kaskazini, bendera zikashushwa, na shuka jeupe la kitanda likapandishwa mahali pake. Manowari ya kwanza waliyoifikia, Onward, ilikwisha kuelekeza mizinga yake tayari kufyatua wakati mtu mmoja alipoliona shuka hilo.

Masimulizi mengi huishia hapo, na ndiyo maana Smalls hukumbukwa kama shujaa wa usiku mmoja. Kwa maoni yangu, kilichokuwa kichwani mwake kilikuwa na thamani kuliko meli. Alikabidhi kitabu cha ishara za jeshi la Kusini, akaeleza mabomu yalipotegwa, na akatoa habari kwamba Coles Island imeachwa bila ulinzi, kiasi kwamba siku chache baadaye manowari za Kaskazini ziliingia Mto Stono. Mwezi Agosti mwaka huohuo alikwenda Washington pamoja na mchungaji Mansfield French kuonana na waziri wa vita, Edwin Stanton, na wakarudi na amri iliyoruhusu hadi watu Weusi 5,000 waandikishwe jeshini katika visiwa vya South Carolina. Hadi wakati huo Lincoln alikuwa akisitasita kuwapa bunduki. Si haki kusema kwamba Smalls peke yake alibadilisha uamuzi huo. Lakini waliodai kwamba mtumwa hawezi kupigana hawakuwa na jibu kwa kisa cha Planter.

Kusoma na kuandika alijifunza akiwa mtu mzima, wakati Planter, ambayo sasa aliiendesha kwa upande wa Kaskazini, ilipokuwa ikitengenezwa Philadelphia mwaka 1864. Aliinunua pia nyumba ya McKee, ileile ambayo alizaliwa nyuma yake, ilipouzwa kwa deni la kodi. Na mwaka 1868, baada ya Kusini kushindwa vita na utumwa kufutwa, South Carolina ilipoandika katiba mpya katika mkutano ambao wajumbe wake wengi walikuwa Weusi, Smalls alikuwa miongoni mwa waliodai shule za umma zisizo na malipo kwa watoto wote. Kwangu mimi, hapa ndipo penye kilele cha maisha yake, kuliko hata ule usiku wa Planter: mtu aliyenyimwa herufi kwa sheria alishiriki kuandika sheria inayomlazimu mtawala kuwafundisha watoto wote.

Jengo hilo halikuachwa lisimame. Uchaguzi wa 1876 uliandamana na mauaji na vitisho, na mwaka 1877 serikali kuu iliacha kuzilinda kwa majeshi yake serikali za majimbo ya Kusini zilizochaguliwa kwa kura za Weusi pia. Smalls, ambaye wakati huo alikuwa mbunge mjini Washington, alishtakiwa kwa rushwa na kuhukumiwa. Alikana daima, na mwaka 1879 alisamehewa katika mapatano yaliyofuta pia mashtaka ya uchaguzi dhidi ya wapinzani wake.

Mwaka 1895, chini ya uongozi wa Ben Tillman, seneta Mzungu aliyepinga waziwazi haki za Weusi, South Carolina iliitisha mkutano mwingine wa katiba, na safari hii wajumbe Weusi walikuwa sita tu. Lengo, yaani kuwanyima Weusi kura, halikufichwa. Mpiga kura alitakiwa kusoma na kuandika au kumiliki mali ya dola 300, na wa kupima usomaji wake alikuwa ofisa Mzungu. Elimu, ambayo katiba ya 1868 iliifanya haki ya mtoto, ikageuzwa kuwa kizuizi dhidi ya baba yake. Smalls alisimama akasema kwamba watu wa rangi yake hawahitaji utetezi wa pekee, kwa kuwa historia yao katika nchi hiyo inathibitisha kuwa wako sawa na watu wowote popote. Wanachohitaji ni nafasi sawa katika mapambano ya maisha. Alikataa kuitia saini katiba ile.

Alifariki Beaufort mwaka 1915. Mbunge mwingine Mweusi wa jimbo hilo, George Washington Murray, aliondoka Washington mwaka 1897, na tangu siku hiyo South Carolina haikumpeleka mtu Mweusi mwingine katika Bunge la Marekani hadi Jim Clyburn alipoapishwa mwaka 1993.