Lizime hilo kwa swichi

Juzi nilikuwa barazani kwa kahawa, habari ikaingia ya ule mtambo wa nyuklia uliopangwa kujengwa Uyombo, pwani ya Kenya, si mnakumbuka 2024 watu wa Kilifi walivyoandamana kuupinga, saa hii stori imehamia Siaya, basi kijana mmoja akasema kwa kujiamini kabisa ati mnaogopa bure, kinu kikileta shida unakizima tu kama taa. Muuza kahawa alikuwa anamimina huku anasikiliza. Akachukua koleo, akatoa kaa moja jekundu kwenye jiko chini ya dele, akaliweka sakafuni mbele ya yule kijana. "Haya baba, lizime hilo kwa swichi."

Tulicheka mpaka basi, lakini mzee alikuwa amegonga penyewe. Kinu cha nyuklia ukikizima, atomu zinaacha kupasuka sawa, ila mabaki yaliyomo ndani ya mafuta ya urani yanaendelea kutoa joto yenyewe, pale pale unapokizima ni kama asilimia 6 hivi ya nguvu yote. Yaani kinu cha megawati 3,000 za joto umeshakizima na bado una karibu 200 zinakutokota mkononi. Joto linashuka na saa zinavyokwenda, lakini siku nyingi bado lazima maji yapite pale. Sasa bomba la maji likipasuka je?

Hilo swali ndilo serikali ya Marekani ililimwagia pesa miaka na miaka kule Idaho, jangwani, mbali na watu, na mimi huwa nalipenda hili jambo kupita kiasi kwa sababu kazi yao ilikuwa kuharibu vitu makusudi. 1954 walikuwa na kinu kidogo kinaitwa BORAX, wakachomoa kwa nguvu fito inayozuia moto wa atomu usizidi, waone itakuwaje, kikalipuka vipande vipande. Wenyewe wametulia pembeni wanapiga picha za filamu.

Ila kilichowaumbua ni kidude kinaitwa Semiscale. Hakina hata urani ndani, ni heater za umeme tu zimewekwa mahali pa mafuta, na moyo wake, yaani pale panapokaa mafuta, kimo chake inchi 9, chini ya rula ya shule. Mwisho wa 1970 kuingia 1971 wakakipasua bomba, maji ya dharura yakafunguliwa yaje kuokoa jahazi, na mvuke uliokuwa unatoka kwa kasi ukayasomba yale maji ukayatoa nje kwa tundu lile lile lililopasuka. Moyoni karibu hayakufika kabisa. Na wakati huo vinu vikubwa vya biashara vinajengwa huku na huku, watu wameahidiwa kwamba maji ya dharura yapo, msiwe na wasiwasi.

Hapo ndipo siasa ilipoingia, manake aliyekuwa anasimamia usalama ni Tume ya Nishati ya Atomiki, na hiyo hiyo tume ndiyo iliyokuwa inaipigia debe nyuklia nchi nzima. Refa anafunga magoli. Wakakaa vikao vya wazi vya malumbano 1972 hadi 1973, wanasayansi wa maabara za serikali yenyewe wakisimama kusema hesabu zetu hazijatosha, na mwisho sheria ikakazwa kwamba ajali ikitokea ganda la mafuta lisipite nyuzi 1,204 za Selsiasi, kwa sababu zirkoniamu, chuma cha ganda hilo, ikipata moto sana na mvuke inatoa hidrojeni na kuwa dhaifu kama kigae. Tume ikavunjwa, na Januari 1975 usimamizi ukaanza kazi chini ya chombo kingine, NRC.

Kwa haki lazima niseme, waliotetea vinu walidai Semiscale ni kidogo mno hakifanani na kitu halisi, na walikuwa na hoja. Ndiyo maana wakakazana na LOFT, kinu cha kweli kabisa ila kidogo, megawati 50 za joto, mradi ulioanza kuzungumzwa miaka ya 60 mwanzoni na ukachelewa na kuchelewa mpaka Desemba 1978 ndio wakapasua bomba kikiwa na moto wa nyuklia. Na unajua nini, maji yaliingia! Moyo ukapoa upesi kuliko kompyuta zilivyokadiria.

Wakapumua. Miezi mitatu tu, Machi 28, 1979, kinu cha Three Mile Island kule Pennsylvania kikapata ajali, na wala si bomba kubwa, ni vali moja imenasa wazi, maji yanatoka polepole, wafanyakazi wanasoma vipimo wanadhani maji yamezidi, wakapunguza yale ya dharura kwa mikono yao wenyewe. Miaka yote macho yalikuwa kwa pasuko kubwa! Hapo LOFT ikageuzwa ikaanza kujaribu tundu ndogo ndogo, na jaribio la mwisho, 1985, wakaacha mafuta ya katikati yaanze kuyeyuka wapime nini kinatoka.

Halafu kuna Aprili 1986. Tarehe 3, hapo hapo Idaho, kinu kinaitwa EBR-II kinachopozwa na sodiamu, kiko nguvu zote, wakazima mfumo wa kujizima, kisha wakazima pampu. Joto likapanda, vyuma vikatanuka, neutroni, zile chembe zinazopasua atomu, zikawa zinavuja nje, moto ukafifia wenyewe bila mtu kugusa. Mchana wakakiwasha tena wakajaribu kwa njia nyingine. Tarehe 26 mwezi huo huo Chernobyl ikalipuka, na ile nayo ilikuwa katikati ya jaribio la usalama, zamu ya usiku, watu hawajaandaliwa. EBR-II kilifungwa 1994, pesa zilikatwa.

Basi jana nikarudi kwa mzee nikamhadithia yote, kaa lake nikalisifu. Akaniuliza, "Huyo anayevunja vunja hivyo vinu, nani anamlipa?" Nikamwambia serikali. "Na aliyekuwa anaviuza kwa watu?" Nikamwambia mwanzoni ilikuwa serikali hiyo hiyo. Akanitazama, akanijazia kikombe, akasema cha juzi pia sijalipa.