Roketi ya maji na watoto, Jumapili Moshi

Jumapili baada ya ibada nikatoka na wanangu na bibi yao mpaka kiwanja cha mpira hapa mtaani, mlima umefunguka kabisa Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, inaonekana nyeupee, tukarusha roketi ya maji. Ni chupa tu ya plastiki ya soda, lita 1.5, kizibo cha mpira kilichotobolewa kikapitishwa sindano ya kujazia mpira upepo, na pampu ya baiskeli. Maji weka kama theluthi moja hivi, ukijaza sana hewa inakosa nafasi na chupa inakuwa nzito, ukiweka kidogo nguvu inaisha mapema. Unapampu weee hewa inabanwa humo ndani mpaka kizibo kinachomoka, maji yanafyatuka chini chupa inapaa juu, ile sheria ya 3 ya Newton niliyoikariri sekondari, kwamba ukisukuma kitu nacho kinakusukuma kwa nguvu ileile, mwanangu wa darasa la tatu kaiona kwa macho yake.

Ya kwanza ililala ikatulowesha wote. Ya pili tukaiegemeza kwa matofali, aisee! ikapita juu ya miti, matone yanang'aa juani, bibi akapiga vigelegele.

Ila jamani chupa ya kioo hapana kabisa, na mtu asiiinamie ikishajaa upepo.

Kadogo kangu kamelala nayo kitandani.