Nyumba ya wapaza sauti

Mwanangu alizaliwa na kaakaa lililopasuka. Mdomo ulikuwa mzima, kwa hiyo hata mkunga hakuona kitu. Tuligundua wenyewe maziwa yalipoanza kutokea puani. Alishonwa akiwa na mwaka na ushei. Kazi ilikuwa safi, uji ukaacha kupanda puani, nasi tukajua shughuli imekwisha.

Akafika miaka mitatu maneno hayaji. Kila mtu alikuwa na sababu yake. Mwalimu wa chekechea alisema ana kiburi, anaitwa haitiki. Mama mkwe akawa anamtia matone ya mafuta ya nazi ya uvuguvugu masikioni kila Ijumaa. Nyumbani tulishazoea kupaza sauti bila kujijua. Majirani pale Tanga walidhani tunagombana mchana kutwa.

Aliyetutoa gizani ni mtaalamu wa matamshi. Nilimpelekea mtoto afundishwe kusema, akakataa kuanza. "Kwanza nijue anasikia nini," akasema, akatuandikia barua ya kwenda kliniki ya masikio, Dar es Salaam.

Daktari wa masikio alikuwa mama wa makamo, hana haraka. Aliniambia, "Mama, meza mate." Nikameza. "Umesikia kitu kimealika ndani ya sikio?" Kweli, nilisikia, miaka yote hiyo sikuwahi kukitilia maanani. Akanieleza kuwa nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba kidogo chenye hewa, na mrija unaoshuka mpaka nyuma ya pua. Tukimeza mate, msuli wa kaakaa unauvuta mrija ule ukafunguka, hewa ikaingia. Kwa mtoto aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka, msuli huo haukushika mahali pake, na kushona kaakaa si lazima kuurudishe kazini. Hewa haiingii, chumba kinajaa majimaji. Karibu watoto wote wa namna hii hupatwa nayo wakiwa wachanga.

Kisha akanichomeka mimi kipimo sikioni. Karatasi ikatoka na mstari uliopanda ukashuka, kilima kizuri kabisa. Akamwekea mwanangu: mstari ukalala chali, yaani nyuma ya ngoma kumejaa maji. Sikio la pili, vilevile. Kwa hiyo hakuwa kiziwi wala hakuwa na kiburi. Sauti zetu zilimfikia zimefifia, na herufi nyepesi kama s na f hazikufika kabisa.

Niliuliza kuhusu mafuta ya nazi. Daktari akacheka kidogo. Yanaishia nje ya ngoma, akasema, na maji yako ndani.

Alitupa njia mbili: vifaa vya kusikia, au kutoboa ngoma kidogo, kunyonya yale majimaji na kuweka kibomba cha plastiki cha kupitisha hewa, upana wake milimita mbili tatu. Tukachagua vibomba. Mtoto akalazwa kwa dawa ya usingizi, na kabla sijamaliza chai yangu nikaitwa. Kilichotoka masikioni mwake kilikuwa kizito kama mlenda wa bamia.

Jioni ile tulifikia kwa shemeji. Mama mkwe akamwita mjukuu wake aje kula, kwa sauti ileile ya siku zote. Mtoto akaziba masikio kwa viganja, akaangua kilio. Mtu akavuta maji chooni, mtoto akakimbilia mgongoni kwangu. Tukatazamana sote, hakuna aliyejua kuongea taratibu tena. Ilibidi tujifunze upya, na baba yake mpaka leo hajafuzu.

Maneno hayakumiminika, maana mtaalamu wa matamshi alikuwa bado na kazi ya kufanya. Baharini tulimzuia kupiga mbizi, jambo gumu kwa mtoto wa Tanga. Na kibomba cha kushoto kilidondoka chenyewe kabla ya mwaka kwisha, kikakutwa kimenasa kwenye nta. Daktari alishatuonya kwamba hudondoka. Kipimo kikaonyesha maji yamerudi upande ule. Tukapanga tarehe nyingine, na mama mkwe akasema atampeleka yeye.