Ukingo mkali ndio ulionikwamisha

Miezi miwili ya mwanzo sikuchonga kitu, nilivunja mawe tu. Nilikuwa nimekiona kigumba cha mshale cha jiwe ndani ya kabati la makumbusho: chembamba kama jani, uso wake umejaa makovu yaliyojipanga kama mbavu za samaki, ya kushoto na ya kulia yakikutana katikati. Hakuna tupa iliyopita pale. Kila kovu ni alama ya kibanzi kimoja kilichobanduliwa kwa mkono, na mkono huo ulijua kibanzi kitaishia wapi kabla hakijatoka. Nilitoka pale nikiutamani ujuzi huo kuliko kigumba chenyewe.

Nikaokota mawe, nikashika jiwe la kugongea, nikagonga kwa nguvu zangu zote. Kosa la kwanza lilikuwa mawe niliyochagua. Jiwe lenye punje, kama itale, hupasuka litakavyo. Linalotii ni lile ambalo ndani ni laini mfululizo, bila punje za kuonekana wala tabaka: gumegume, ndugu yake aitwaye cheti (kwa Kiingereza chert), obsidiani ambayo ni kioo kilichozaliwa na volkano, na hata kioo cha chupa. Nilijifunza pia kutega sikio. Jiwe zima ukiligonga kidogo hulia kama kigae. Lenye ufa ndani hutoa sauti iliyokufa, na hilo ni la kuweka kando mapema, maana litakukatikia mkononi ukiwa umekaribia kumaliza.

Kosa la pili lilikuwa pembe ya ukingo, na aliyenifumbua macho ni kioo cha dirisha kilichopigwa na kokoto. Tundu lake upande uliopigwa ni dogo, upande wa pili limetanuka kama faneli. Nguvu ya pigo hutanuka ndani ya kioo kwa umbo la pia. Kubandua kibanzi ni kutumia ubavu mmoja tu wa pia hiyo: unagonga karibu na ukingo, ufa unakimbia chini kidogo ya uso wa jiwe, kibanzi kinatoka. Ukingo wenye pembe ya nyuzi 90 au zaidi hautoi kibanzi cha maana. Mawe yangu mengi yalikuwa ya mviringo, hayana ukingo unaofaa popote, nami nilizidisha nguvu mahali palipohitaji jicho.

Ndipo nikaliweka chini jiwe la kugongea, nikaanza kujifunza kukandamiza: badala ya kupiga, unasukuma kibanzi kitoke kwa ncha ya kifaa. Kihistoria nilikwenda kinyume. Mawe yaliyogongwa kwa makusudi huko Lomekwi, karibu na Ziwa Turkana, yana umri wa takriban miaka milioni 3.3, ilhali ushahidi wa kukandamiza katika pango la Blombos, Afrika Kusini, ni wa miaka kama 75,000 tu iliyopita. Wachongaji wa Blombos walikuwa wakilipasha moto jiwe lao kwanza ili libanduke vizuri. Hata hivyo, kwa anayeanza naona kukandamiza ni mlango mzuri zaidi. Kila kibanzi ni kidogo, na kosa lake ni dogo, unaliona na unalirekebisha.

Nilichagua vitako vya chupa. Kioo kiko sawa kotekote, kwa hiyo kikiharibika najua kosa ni la mkono wangu. Wapo wanaokidharau. Mimi humkumbuka Ishi, mtu wa kabila la Yahi wa California, aliyeishi katika makumbusho ya chuo kikuu kuanzia 1911 hadi alipofariki 1916. Alitengeneza vigumba vya kupendeza mno kwa kioo cha chupa.

Vifaa ni vichache. Kipande cha mti kinachojaa kiganja, kichwani nimepachika waya mnene wa shaba nyekundu uliochongwa ncha. Shaba ni laini kiasi cha kuuma ukingo bila kuteleza. Wa kale walitumia pembe za wanyama na mifupa. Kisha kipande cha ngozi nene cha kufunika kiganja, na jiwe la mchanga la kusugulia.

La usalama nalisema kwa uzito. Miwani ya kukinga macho huvaliwa kabla ya kibanzi cha kwanza, kwa sababu vinaruka bila kutoa hodi. Vumbi la gumegume na cheti lina madini ya silika, na silika ikiingia mapafuni mwaka baada ya mwaka huleta silikosisi, ugonjwa usiotibika. Kwa hiyo mimi hufanya kazi nje, upepo ukivuma kutoka ubavuni, na barakoa ya vumbi usoni. Chini natandika turubai, nikimaliza nakusanya kila kipande. Makali ya obsidiani iliyotoka kubanduliwa ni membamba kuliko ya wembe wa chuma, na mguu mtupu wa mtoto haujui kama ulikuwa unajifunza.

Basi nikakandamiza. Kwa wiki kadhaa kilichotoka kilikuwa unga. Naweka ncha ya shaba ukingoni, nasukuma, ukingo unasagika: krr. Makovu hayakuvuka hata upana wa punje ya mchele. Nilidhani mkono wangu ni dhaifu.

Mzee mmoja aliyeijua kazi hii alikishika kioo changu, akapitisha kidole gumba ukingoni taratibu.

"Mbona umeuacha mkali hivi?"

"Si ndiyo nautafuta, mzee?"

"Huo ni wa mwisho. Sasa hivi sugua, mwanangu. Sugua mpaka kidole kisiogope."

Ukingo mkali ni mwembamba, na kitu chembamba hakibebi mzigo. Ukiukandamiza unavunjika wenyewe kabla nguvu haijaingia ndani. Ukiusugua kwa jiwe la mchanga unakuwa butu na imara, unaihimili shaba mpaka nguvu ijikusanye, kisha kibanzi kirefu kinatoka kwa mkupuo. Nilikuwa nikiyalinda makali tangu siku ya kwanza, kumbe nilipaswa kuyaondoa kila mara ili niyapate mwishoni. Tangu siku hiyo nasugua kwa muda mrefu kuliko ninaokandamiza, na sasa kule kukwaruza kwa jiwe juu ya kioo kunanituliza.

Kilichobaki kilikuwa kuuweka ukingo mahali pake. Kitako cha chupa huvunjika na ubavu wa mraba, kwa hiyo kwanza nabandua vibanzi vidogo kuuinamisha. Mahali pa kuweka ncha panatakiwa pawe pameshuka chini ya mstari wa katikati ya unene, kuelekea uso ule utakaotoa kibanzi. Pakiwa juu ya mstari huo, kibanzi hukatika njiani na kuacha ngazi, na ngazi moja huzuia kila kibanzi kitakachofuata hapo. Uso wa chini ndio unaobanduka, ule uliolalia ngozi kiganjani, hivyo kovu hulioni mpaka ugeuze.

Mgongo wa mkono ulioshika kioo nauegemeza ndani ya paja. Nasukuma kwanza kuelekea katikati ya kioo, polepole, uzito ukitoka begani na magotini wala si kwenye kifundo cha mkono. Nikishahisi kioo kimejaa nguvu, ndipo naielekeza ncha chini kidogo. Tiki! Ukiharakisha kuelekeza chini, kibanzi kinakuwa kifupi. Tena kibanzi hupenda kufuata mgongo ulioachwa kati ya makovu mawili, kwa hiyo ncha huwekwa nyuma ya mgongo huo. Hapo ndipo nilipozielewa zile mbavu za samaki: kila kovu lilikuwa limetengenezewa njia na majirani zake.

Pengo za kufungia uzi kwenye shina la kigumba zilinivunjia vitano mfululizo, vyote vikiwa karibu kukamilika. Iliniuma. Nilipunguza upana wa ncha, nikawa nabandua punje kwa punje, uso huu kisha ule, nikisugua kila baada ya mguso. Cha sita kilisimama.

Kila ninachokamilisha nakikwaruza mwaka kwenye shina, na vibanzi vyangu sivitupi porini, ili mtafiti wa kesho asije akavihesabu vya kale. Vivyo hivyo siokoti jiwe penye mabaki ya wachongaji wa zamani.

Hicho cha sita kiko mbele yangu. Makovu ya upande wa kushoto yanafika katikati. Ya kulia, matatu yameishia njiani na ngazi zao zinaonekana mwangani. Kipande cha kwanza cha obsidiani kipo tayari juu ya ngozi, na asubuhi nzima leo nimekuwa nikikisugua.