Majani ya Shaba na Beseni Tatu za Maji: Uzoefu Wangu Lubumbashi

Vijana wanaoanza utafiti wa mimea hapa Lubumbashi huniuliza namna makala yangu juu ya mmea wa shaba ilivyopata kutajwa na watafiti wa nchi nyingine. Naandika jibu hili kwa sababu nilipoteza karibu miaka mitatu kwa mashauri mabaya, na bado yananiudhi kila nikisikia mwanafunzi anapewa yaleyale.

Mmea wenyewe ni Haumaniastrum katangense, mmea mdogo wa jamii ya mnanaa unaostawi kwenye udongo wenye shaba nyingi, hata juu ya mabaki ya tanuri za kale, kiasi kwamba wanaakiolojia wameufuata ili kugundua mahali wazee wetu walipoyeyushia shaba. Paul Duvigneaud wa Ubelgiji alieleza uoto wa udongo wa madini wa Katanga mwaka 1958, na François Malaisse, aliyefanya kazi miaka mingi hapa Lubumbashi, alitoa kitabu juu ya mimea hiyo mwaka 1985 pamoja na Robert Brooks. Mimi nilitaka kujua kiasi cha shaba kilichomo ndani ya jani. Mimea ya kawaida huwa na miligramu 10 hivi katika kilo moja ya majani makavu, na nilipoanza kazi hii mmea ulihesabiwa kuwa mlimbikizaji wa shaba ukivuka 1,000. Mwaka 2013 wataalamu walipendekeza kiwango hicho kishushwe hadi 300.

Vipimo vyangu vya kwanza vilivuka 1,000 kwa urahisi, nami nikafurahi mno. Mkubwa wangu mmoja kazini alikuwa ameniambia, «Suuza kwa maji ya bomba, inatosha, hakuna atakayeuliza.» Aliuliza mhakiki wa kwanza kabisa, yaani mtaalamu anayeikagua makala kwa ajili ya jarida kabla haijachapishwa. Alitaka kujua kama nilipima pia chuma na alumini, kwa sababu madini hayo yakiwa mengi mno kwenye jani, ni dalili kwamba umepima vumbi la udongo. Nilirudi kwenye sampuli zangu, nikapima, na chuma kilikuwa kingi kupita kiasi. Makala ikakataliwa.

Aliyeniokoa ni mama yangu mzazi. Nilikuwa nimekaa jikoni kwake nikimsimulia shida yangu, naye alikuwa anaosha mboga ya lengalenga. Akasema bila kuinua kichwa: «Mwanangu, hii ya sokoni naiosha mara tatu wakati wa kiangazi, na wewe ile ya kando ya mgodi uliisuuza mara moja?» Nilitazama beseni yake ya kwanza: maji mekundu. Ya pili: mekundu kidogo chini. Ya tatu ilikuwa nyeupe.

Msimu uliofuata niliyaosha majani yakiwa mabichi, siku ileile ya kuyachuma, kwa maana vumbi likikaukia kwenye vinyweleo vya jani halitoki tena. Beseni ya kwanza ilikuwa na sabuni laini ya maabara, nikapitisha brashi ndogo ya rangi pande zote mbili za jani. Mbili zilizofuata zilikuwa na maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyosafishwa yasibaki na madini, niliyoyanunua kwa bidoni kwa dola kadhaa. Majani sikuyaloweka, kwa sababu jani likikaa sana majini huweza kuachia hata madini yake lenyewe. Lakini jambo ninalojivunia ni hili: kila mmea niliugawa, nusu ya majani nikaiosha na nusu nikaiacha kama ilivyo, kisha nikapima shaba, chuma na alumini katika nusu zote mbili. Kwenye majani yaliyooshwa chuma na alumini vilishuka sana, na shaba ikashuka pamoja navyo, mimea mingi ikabaki chini ya 300. Namba yangu kubwa ilikuwa imetoweka, nami nililala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza baada ya miezi.

Wakati huohuo jarida moja liliniahidi kuchapisha makala ile ya kwanza ndani ya siku tatu kwa mamia ya dola, na rafiki zangu wawili walinihimiza nilipe. Nashukuru sikulipa. Makala mpya ilichukua zaidi ya mwaka mmoja.

Kulikuwa na kikwazo kingine ambacho huku kwetu ni cha kawaida: nina majina matatu, na kila jarida liliyapanga lilivyotaka, hata hazina za makala za mtandaoni zikanihesabu kuwa watu watatu. Nilijiandikisha ORCID, huduma ya bure iliyoanza mwaka 2012 na inayompa mtafiti namba moja ya tarakimu 16, kisha nikaziunganisha makala zangu zote chini ya namba hiyo. Kipimo cha h, kinachopima jinsi makala za mtafiti zinavyotajwa na wenzake na alichokipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, kinataka makala 5 zilizotajwa angalau mara 5 kila moja ili upate 5. Ukigawanywa mara tatu huwezi kufika.

Wanaonitaja sasa hutaja hasa jedwali lile la nusu mbili, iliyooshwa na isiyooshwa. Mama ananiuliza kila mara kama jina lake limo. Limo, kwenye shukrani, ukurasa wa mwisho.