Mabawa ya Super Cub yangu, na ushauri ulioniharibia la kwanza

Juzi nimemaliza mabawa ya Super Cub yangu, ndege ndogo ya mfano ya mbao na karatasi, yote mawili, na nikiyalaza juu ya kioo cha meza hayachezi hata kidogo. Furaha niliyo nayo ni kubwa kwa sababu bawa la kwanza liliharibika mikononi mwangu, na liliharibika kwa kufuata maneno ya mtu aliyezungumza kama fundi wa miaka mingi.

Nimekulia Voi. Ndege hii, ile ya kweli, sikuijua kwenye picha. Tangu utotoni nimeziona zikizunguka juu ya Tsavo kulinda wanyama: viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, bawa juu ya kichwa cha rubani, gurudumu dogo mkiani. Kampuni ya Piper ilianza kuziunda mwaka 1949 na mpaka leo zinaruka. Kwa hiyo binamu yangu aliponiletea seti ya kuunda mfano wake kutoka Marekani, niliiweka kabatini miezi miwili nikingoja likizo. Ni boksi jembamba lenye vipande vya balsa, mbao nyepesi sana, karatasi ya tishu na ramani. Ikikamilika ni kama sentimita 60 kutoka ncha hadi ncha. Yeye alitoa dola thelathini na kitu. Mimi pini, nyembe, msasa na gundi havikunizidi elfu mbili za Kenya.

Tatizo la kwanza lilikuwa ramani yenyewe. Bawa huundwa juu ya mchoro, kila kipande kikilala juu ya mstari wake, na ramani yangu ilikuwa na bawa la kushoto peke yake. Ukilifuata mara mbili utapata mabawa mawili ya kushoto. Dawa yake nilifundishwa na mzee mmoja zamani, nami nawapa bure: mafuta ya kupikia. Nililaza ramani kifudifudi juu ya gazeti, nikachovya pamba kwenye mafuta na kuipaka mgongoni polepole. Mke wangu akasimama mlangoni.

"Baba Rehema, mafuta ya kula ndiyo unapaka karatasi?"

"Njoo uone kwanza."

Karatasi ilianza kung'aa kama gazeti lililofungiwa bajia, na mistari yote ikajitokeza upande wa pili, imegeuka: bawa la kulia, kamili, bila kupima wala kuchora. Mke wangu akashika pamba akamalizia kona mwenyewe. Ila mafuta yawe kiasi, uyafute vizuri, na juu yake utandaze nailoni, kwa sababu mbao ikigusa mafuta gundi haishiki tena.

Sasa huo ushauri. Niliambiwa: "Tumia supaglu kila mahali, ngoja dakika kumi, ng'oa, bandika karatasi, nyunyizia maji, anika." Nilifuata neno kwa neno. Mbavu zote kumi, vile vipande vyembamba vinavyokatiza bawa na kulipa umbo, zilisimama sawa, nikabandika tishu upande wa juu, nikanyunyiza maji ili ikaze, nikalitundika bawa kwenye kamba usiku. Asubuhi ncha yake ilikuwa imeinuka na kujiviringa kama jani la mgomba lililokauka. Nilipoigusa nikasikia tak, tak, tak. Mbavu tatu zimeachia. Nililishika lile bawa nikiwa na uchungu wa kweli.

Kosa si la karatasi. Tishu iliyolowa ikikauka hujivuta, na nguvu yake kwa mbao ya milimita moja na nusu si ndogo. Ikivuta upande mmoja tu, na bawa halijabanwa popote, lazima lipinde. Supaglu nayo ikikauka ni ngumu lakini inakatika kama kioo, haikubali kupindishwa hata kidogo. Anayemwambia mwanafunzi "anika" bila kumwambia "bana" anampotezea mbao.

Nikaanza upya. Kati ya mbavu zile tatu mbili zilikuwa zimevunjika, nikazikata tena kutoka mabaki ya balsa, nikitumia ubavu mzima kama kipimo. Safari hii nilitumia gundi nyeupe ya seremala, tone dogo kwa ncha ya kijiti cha meno. Chini niliweka softibodi juu ya kioo, maana ubao uliopinda hukupa bawa lililopinda. Pini usizitoboze kwenye mhimili, ule mti mrefu unaoshika mbavu. Zipitishe mbili mbili kwa kukingamana, zibane mbao katikati, usije ukaipasua. Kisha nililiacha usiku kucha na mchana wake wote. Hapa Mombasa hewa ina unyevu, gundi haina haraka.

Tishu nikaibandika chini na juu kabla ya kulowesha popote, nyuzi za karatasi zikienda urefu wa bawa. Nikanyunyiza maji kama umande tu, nikalirudisha kwenye ubao likiwa bado bichi, nikalibana. Chini ya ukingo wa nyuma, pale kwenye ncha, nikaweka kijiti cha milimita 3. Hicho kijiti msikidharau. Kinafanya ncha ilale kidogo kuliko shina, yaani upande wa bawa unaoungana na kiwiliwili, ili ndege ikipungua mwendo shina ndilo liishiwe nguvu kwanza, na ndege isianguke ubavu ghafla.

Bawa la kulia lilitoka na mpindo mdogo hata hivyo. Nililipeleka kwenye mdomo wa birika linalochemka, nikalipitisha kwenye mvuke, nikalipinda kinyume kupita kidogo pale nilipotaka, nikalishikilia vile vile mpaka likapoa. Mara mbili tu, likanyooka. Baadaye nikapaka vanishi nyepesi mara mbili, bila hiyo tishu hulegea kila mvua ikinyesha.

Kuyaunganisha katikati, nililaza moja bapa na kuinua ncha ya jingine kwa viberiti vinne vilivyopangwa viwili viwili. Mpwa wangu akauliza, "Mjomba, mbona umeyaweka kama V?" Nikamwonyesha: ndege ikiinama upande, bawa la chini hupata hewa zaidi na kuirudisha. Kabla ya gundi nilisugua mashina yote mawili kwa msasa kwa mshazari ule ule, mpaka mwanga usipite katikati.

Kabla ya kuyaunganisha, kwenye mizani ya jikoni la kulia lilikuwa limezidi la kushoto kwa gramu moja. Nikabandika plastisini, ule udongo laini wa watoto wa kufinyanga, ncha ya kushoto, punje kwa punje, mpaka ndege nzima, kiwiliwili na mabawa yake, ikining'inia kwenye uzi ilikaa sawa.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, upepo wa bahari haujaamka, tulikwenda uwanja wa shule. Mpira wa kuzungusha pangaboi sikuufunga bado. Niliirusha kwa mkono tu, pua ikiwa chini kidogo. Ikateleza hewani imenyooka, haikuinama kushoto wala kulia, ikagusa nyasi kwa magurudumu hatua kama ishirini mbele. Mpwa wangu alishafika pale kabla sijapumua.

"Mjomba, rusha tena!"